Kicheko Juu ya Gurudumu

Kibuli, Kampala
Jumanne, mwezi wa Shaaban 1395

Kwa Mama yangu, Bi. Naila,

Assalaam alaikum warahmatullahi wabarakatuh. Shikamoo, Mama. Kwanza nakujulia hali. Presha imeshuka? Na lile goti la kushoto, bado linakuamsha kabla ya mwadhini? Natumaini fundi amekwisha kuziba paa la jikoni, maana nilipoondoka alikuwa anakunywa chai yetu kila asubuhi na bati halijasogea hata moja. Sisi huku tu wazima kwa uwezo wa Mola. Badru alishikwa na mafua kidogo, yamekwisha. Shemsa mzima, na mdomo wake mzima. Shemeji Tajudin naye mzima, ila gari halina petroli, na wewe unamjua mwanao: gari likilala, naye analala.

Barua hii nimeiandika kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyonifundisha mwenyewe mwaka ule nilioolewa, uliposema za kizungu zinakuumiza macho. Safari hii nimeshukuru kweli kweli kwa mafunzo yale. Hata wakiifungua njiani, wengi wao watadhani ni dua. Anayeileta ni Kahambu, yule mama wa Butembo anayeuza vitenge, na yeye ndiye aliyeniletea maneno yako. Nakuomba uisome peke yako, chumbani, mlango umefungwa. Usikae barazani nayo.

Ujumbe wako ulinifika wote. Kahambu aliusema neno kwa neno, macho yake kwenye viatu vyake, maskini, kama mtoto aliyetumwa kwa mwalimu. Umesema Concy, jirani yetu muuguzi, alikuwa huku Kampala kwa dada yake, akaniona kwa macho yake uwanjani Lugogo. Aliniona juu ya lile gurudumu la kubembea, nimekaa bega kwa bega na mwanamume asiye maharimu yangu, nacheka mpaka mtandio umeanguka. Umesema mke wa mtu hachekeshwi hadharani. Umesema kama nimechoka kumngoja mwanao Hamdun niseme wazi, niwarudishe watoto na funguo za duka, niende zangu, na mpaka hapo nisikanyage kwako.

Mama, Concy hakusema uongo. Nilipanda, nilikaa na mwanamume, nilicheka, na mtandio ulianguka. Hakutia hata chumvi, na kwa Concy hilo ni jambo la kuandikwa. Lakini yeye aliona kutoka chini, na maneno hayasikiki kutoka chini. Ndiyo maana naomba unisikilize tangu mwanzo, wala usirukie mwisho wa karatasi. Nakujua, hata hadithi unaanzia mwisho.

Unakumbuka Kahambu alipokuja Mbale mwezi uliopita, nikakuambia ameleta vitenge vipya. Vitenge vilikuwepo. Lakini aliniita nyuma ya duka, akaniambia kwa Kiswahili chao cha Kongo, "Mama Shemsa, kuko mutu Kampala anajua habari ya bwana yako. Anasema ukuye na batoto, kama watu banaenda kucheza." Mtu huyo ni Otim. Wewe unamjua. Ni yule Mwacholi mrefu aliyekuwa akija dukani kununua vipuri vya magari ya serikali, akala pilau barazani kwetu kila Idi, na Hamdun akimtania kwamba anajua siku ya Idi kuliko kadhi. Kazi yake ni udereva, idara gani sitaandika.

Otim hakutaka tuonane nyumbani kwake wala hotelini. Huku siku hizi watu hawasemi hata habari za mvua bila kutazama nyuma. Lakini alikuwa amefikiri. Kwa ajili ya wageni wa ule mkutano mkubwa wa Julai ililetwa mitambo ya michezo, ikawekwa Lugogo, na baadaye ikaachiwa wananchi mpaka shule zifunguliwe. Familia nzima nzima zinakwenda. Baba mwenye binti yake akikutana na mama mwenye watoto wake, nani atauliza? Na mkishapanda lile gurudumu mkiwa wawili kwenye kiti, hakuna sikio litakalowafikia. Nikaona ni akili.

Basi nikakuambia nawapeleka watoto matembezi ya likizo, kwa kuwa wamekuwa wanyonge. Nawe ukakubali, ukatuchomea mikate ya mofa ya njiani. Nilikuficha, Mama, na sababu ni moja. Tangu ile adhuhuri ya Januari walipomtoa Hamdun dukani, wakisema atarudi kabla chai haijapoa, wewe unamwekea sahani yake kila jioni na kuifunika kawa. Yule jamaa yetu alipothubutu kutaja eda, ulimwonyesha mlango, nami nilikuwa nyuma yako. Nilisema vilevile ulivyosema wewe, kwamba siwezi kukaa ndani miezi minne na siku kumi kwa ajili ya mtu aliye hai. Sasa nikuambie nakwenda kupata habari zake, halafu nirudi mikono mitupu? Nilitaka kwanza niijue habari yenyewe.

Mimi nilidhani ni habari ya gereza. Nilijipa moyo kwamba Otim ataniambia yuko mahali fulani, na kwamba yuko mlinzi fulani anayeweza kupokea kifurushi. Kwa hiyo nilifunga mkoba. Nilitia kikoi chake cha bluu, fulana mbili, sabuni, na ile dawa yake ya pumu, chupa nzima. Nilifunga kwa furaha, Mama, sikufichi. Nilikuwa naimba.

Safari yenyewe ilikuwa njema. Tajudin aliendesha kama anabeba mayai, kwa sababu gari ni la kaka yake na anaogopa siku atakapoulizwa kila mkwaruzo. Watoto waliimba kutoka Tororo mpaka Iganga, nyimbo za shule, na baada ya Iganga wakaanza kugombania dirisha. Tulikula mikate yako kabla ya Jinja. Darajani askari walitusimamisha. Mmoja akaingiza kichwa ndani, akauliza, "Nyinyi nakwenda wapi?" Badru, bila kuulizwa na mtu, akamjibu kwamba tunakwenda Kampala kutazama mitambo ya kubembea, inshallah, na kwamba tunatarajia kurejea Jumapili. Yule askari akabaki amemkodolea macho. Akamwita mwenzake aje asikie. Akamwambia Badru aseme tena. Wakacheka sana, wakasema mtoto huyu anaongea kama redio.

Kisha yule wa kwanza akafungua mkoba, akatoa kikoi na ile chupa, akauliza ni vya nani. Nikasema vya mume wangu. Akauliza, "Bwana iko wapi?" Nikamwambia yuko Kampala, anatungoja. Nilisema bila kusita, nami mwenyewe sikujua kama nasema kweli ama uongo. Akaturudishia, akatupungia mkono tupite. Mbele kidogo barabara ikaingia msituni, miti mikubwa huku na huku, pakawa na kivuli na ubaridi, watoto wakanyamaza wenyewe. Badru akauliza kama mna nyani. Tajudin akasema wamo, ila leo wamekwenda Lugogo.

Kampala tulifikia hapa Kibuli kwa shangazi yake mke wa Tajudin, anakusalimu sana. Asubuhi yake nikawapeleka watoto Nakivubo kutafuta viatu vya Badru, na hapo nikaona jambo la kukucheka wewe unayesema watu wa Kampala hawana adabu. Kila nilipofungua mdomo, wenye duka walisimama wima. Mmoja aliyekuwa amenitajia bei alinipunguzia kabla sijasema neno la pili. Mwingine akasema viatu hakuna, na viatu vilikuwa vimejaa nyuma yake. Nilidhani nimetokwa na kitu usoni. Kahambu, niliyemkuta hapo hapo akiuza vitenge vyake, ndiye aliyenieleza, kwa kunong'ona, baada ya kucheka mpaka akashika mbavu. Alisema huku anayezungumza Kiswahili sana ni mwanajeshi, au mke wa mwanajeshi, au mbaya zaidi. "Banakuogopa, Mama. Kiswahili yako iko mingi."

Nilicheka naye, lakini nilipofika nyumbani nilikaa kitandani nikawaza. Lugha ya bibi yangu, ambayo nilibembelezewa, leo nikiitamka mtu anaficha viatu. Nikawaambia watoto wapunguze maneno wakiwa njiani. Shemsa akaniuliza tumefanya kosa gani.

Siku ya Jumamosi tukaenda Lugogo. Mama, pazuri, tena sana. Pana farasi wa mbao wenye mikia ya kamba halisi, wanazunguka huku wanapanda na kushuka, na santuri inapiga. Pana vigari vidogo vya umeme vya kugongana, na Tajudin, mtu mzima mwenye ndevu, aligonga watoto wa watu mpaka msimamizi akamsihi ashuke. Watu walikuwa wengi, wamevaa vizuri, watoto wamepakwa mafuta usoni mpaka wanametameta. Ungedhani nchi haina neno. Lakini kando ya kila mtambo alisimama mwanamume mmoja au wawili wenye miwani myeusi na mashati ya maua, wasiopanda chochote wala kununua chochote. Watu waliwapita kwa mbali kidogo, kama unavyopita mbwa usiyemjua.

Otim alikuja na binti yake, amevaa suti ya Kaunda, amekonda. Alinisalimu kwa sauti kubwa kama mtu aliyekutana na jirani kwa bahati, akauliza habari za duka, akamsifu Shemsa amekua. Watoto wakazoeana papo hapo. Akasema basi twende wote tukapande lile gurudumu, watoto watatu na Tajudin kiti cha mbele, sisi cha nyuma yao. Mimi ninaogopa hata kupanda ngazi ya darini, unajua. Nilipanda.

Ni gurudumu refu kuliko mnara wa msikiti wetu, na viti vinaning'inia pembeni yake kama vikapu. Linakwenda kidogo, linasimama ili wengine wapande, linakwenda tena. Tulipofika juu kabisa likasimama. Niliona mji wote, Naguru upande mmoja, Mbuya upande mwingine, mabati yanang'aa, na chini watu wadogo wadogo. Mkoba nilikuwa nimeupakata. Nikamwambia Otim aseme basi, nimemletea vitu vyake hivi, na kwamba dawa ya pumu ndiyo ya haraka.

Sasa Mama, ndipo ulipo mwanzo wa ninachokuandikia. Kaa chini kama umesimama. Sema Bismillahi.

Otim hakuutazama mkoba. Alishika kile chuma cha mbele kwa mikono miwili, akatazama mbele, akasema, "Mama Shemsa, bwana yako alikufa. Ile wiki ya kwanza. Kifua ilimushika, na hawa watu hawakutaka kumupatia dawa."

Nadhani nilianza kuinama, maana akaniambia upesi, kwa sauti ileile ya chini, "Usilie, mama. Wewe cheka. Ile watu ya miwani naangalia sisi. Hapa mutu halii."

Nikajaribu kucheka, nisiweze. Akaendelea. Akasema yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa dereva. Aliitwa asubuhi achukue gari, akakuta kuna mtu amefunikwa nyuma, akaambiwa wapi pa kwenda kutupa. Alipofunua akamjua. Alikuwa na mwenzake mmoja, naye ana roho ya utu, wakakubaliana. Hawakwenda walikoambiwa. Waliingia msituni, katika ule msitu wa njiani tulioupita watoto wakiwa wamenyamaza, wakachimba kwa jembe waliloazima, wakamzika kama binadamu. Alisema hakujua dua yetu, akasoma ya kwao.

Akasema alikumbuka mazishi ya marehemu Baba pale Mbale, alipokuja kutupa pole, kwamba aliona tunamlaza mtu kwa ubavu wa kulia. Basi naye akamlaza Hamdun kwa ubavu wa kulia. Ila uso hakujua unaelekezwa wapi. "Nikawaza, Maka iko mashariki, ni kule Waarabu wanatoka. Nikamugeuza kwa jua inatokea." Akanigeukia kwa mara ya kwanza, akaniuliza, "Ni sawasawa?"

Mama, unakumbuka jinsi Hamdun alivyokuwa akimtania Otim kwa habari hiyohiyo? Kila Idi alimsimamisha uani, akamwambia aonyeshe kibla kiko wapi, na Otim kila mwaka akaonyesha mashariki, kwa jirani anayefuga nguruwe. Miaka yote ile alifundishwa kwamba kwetu huku ni kaskazini, akaitikia, akasahau. Na siku ilipomhitaji, akiwa ameshika jembe na roho mkononi, akakosea tena. Nilimwona Hamdun kabisa, ameweka mkono kiunoni, anatikisa kichwa. Hapo ndipo nilipocheka. Kilitoka chenyewe. Nilicheka kwa sauti, nikacheka mpaka machozi yakanishuka na mtandio ukaanguka mabegani, na Tajudin akageuka kiti cha mbele akitabasamu, akidhani nimeipenda bembea. Kicheko hicho ndicho alichokiona Concy.

Gurudumu likaanza kushuka. Otim akaniuliza kama naweza kumsamehe. Tukafika chini, akanisaidia kushuka, akaniaga kwa sauti kubwa, akamshika binti yake mkono, akapotea kwenye watu. Watoto wakataka kupanda tena. Nikawaacha wapande tena na baba yao mdogo, mimi nikasimama pale chini nawapungia mkono, mkoba begani. Tajudin nilimwambia nyumbani, chooni, bomba likiwa limefunguliwa. Alipiga goti sakafuni. Si petroli tu iliyotuweka huku mpaka leo, Mama. Hakuna kati yetu aliyekuwa tayari kuja kukutazama usoni.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa shehe mmoja hapa Kibuli, nikamwuliza kwa niaba ya jirani yangu. Nikasema jirani huyo mumewe alifia mbali mwezi wa Januari, na yeye amepata habari mwezi huu, je, eda yake anaihesabu tangu lini? Akaniambia inahesabiwa tangu siku mume aliyofariki, si siku ya kupata habari. Kwa hiyo ya jirani yako imekwisha tangu Juni, akasema, hana la kukaa ndani, yuko huru. Nikamshukuru kwa niaba ya jirani. Nilirudi kwa miguu. Miezi ile yote nilikuwa katika eda nami sijui. Nilikuwa nauza dukani, nikijipaka wanja, nikivaa lile gauni la manjano alilolipenda ili anikute nalo. Nilimkosea bila kujua, na sina tena siku za kumlipa. Hilo linaniuma kuliko nilivyotegemea.

Halafu ukaja ujumbe wako. Sitakudanganya, ulipofika nilikasirika nikataka kukujibu kwa ukali. Baadaye, nilipotulia, nikaona umenifungulia mlango. Nikawaza kwamba naweza kunyamaza. Niache iwe alivyosema Concy. Niwe mke aliyechoka kungoja, niitwe majina, nirudishe funguo, nawe ubaki na mwanao aliye hai mahali fulani, uendelee kumfunikia sahani. Jina langu lingeharibika, lakini wewe ungelala usingizi. Siku mbili nilikuwa nimekata shauri hivyo. Hata Tajudin alikubali, huku analia.

Kilichonigeuza ni Shaaban. Tumebakiza siku chache tu kufika Alhamisi ya mwisho, na pale kwetu watakuja kusoma khitma ya wazee kama kila mwaka. Maalim atataja marehemu wote wa nyumba, mmoja mmoja, na watu wataitikia. Nikamfikiria Hamdun kule msituni, amezikwa na mkristo mwema kwa dua ya kikristo, uso umeelekea kusiko. Hakuoshwa, hakuswaliwa, na watu wa nyumba yake wanasoma khitma wanawarehemu mpaka mababu wasiowajua, yeye wanamruka kwa kuwa mama yake hajaambiwa. Jina baya ningelivumilia, Mama. Yeye kukosa dua yako sikuweza.

Basi nimekuambia. Nisamehe kwa kukuambia kwa karatasi. Ningetaka nikushike mkono, lakini ulisema nisije.

Kwa Otim, mimi sijamsamehe wala sijamkatalia. Hilo nimekuachia wewe uliyemzaa, na ukiamua, Kahambu atamfikishia. Ninachokuomba ni kwamba jina lake lisitoke mdomoni mwako mbele ya mtu, maana wakijua amesema, watoto wake nao watakuwa wanangoja baba kama wetu. Na ndiyo sababu hatuwezi kufanya matanga wala kuswali hadharani. Tutaulizwa nani katuambia. Concy mwache aendelee na habari yake. Wakisema mkwe wa Bi. Naila ni kicheche, nyamaza, itikia hata kwa kichwa. Maneno yao ndiyo yanayomficha Otim.

Siku ya khitma tutakaa ndani nyuma ya pazia, kama kawaida yetu wanawake. Maalim akimaliza majina huwa anatulia, anauliza kama yuko aliyesahauliwa, na mtu husema kutoka ndani. Mwaka huu asiseme mtu. Wakati ule wa kimya, Mama, mtaje wewe, ndani ya buibui, kwa pumzi tu. Hamdun bin Salim. Mimi nitakuwa nimekaa kushoto kwako, nitajua kwa bega lako, nami nitaitikia. Watoto tutawaambia baada ya hapo, tukiwa pamoja, mimi na wewe. Peke yangu sitaweza.

Mwambie Kahambu neno moja tu, njoo ama usije. Ukisema nisije, Tajudin atakuletea wajukuu zako na funguo, nami sitakulaumu, lakini Alhamisi usiache kumtaja.

Shemsa na Badru wanakusalimu kwa mikono miwili. Badru anasema askari darajani walimwambia anaongea kama redio, na anataka uambiwe. Shangazi wa hapa anakusalimu. Tajudin anakuamkia, hakuweza kuandika mwenyewe. Nisalimie majirani wote wanaoniuliza, na wasioniuliza pia. Tunza goti lako, na dawa ya presha usiikatize hata siku moja, hasa siku hizi. Mwenyezi Mungu akupe subira iliyo kubwa kuliko niliyopewa mimi.

Wassalaam,

ni mimi mkazamwana wako,

Mwanawetu,
mjane wa Hamdun